Kupima akili ukiwa na MS: Wechsler, Raven, SDMT au BICAMS?

Mdogo wangu alitoka chumba cha mwanasaikolojia ameshika karatasi moja. Juu yake kulikuwa na namba, 84, na chini ya namba sentensi mbili za Kiingereza. Tulikaa kwenye benchi la nje, akaisoma mara tatu, kisha akaniuliza, "Kaka, kwa hiyo sasa mimi ni mzito wa kichwa?" Huyu ni mtu aliyekuwa akifunga hesabu za duka la jumla Kariakoo kila jioni bila kalkuleta.

Daktari wake alitaka kujua kama ugonjwa wake, MS, umeanza kugusa kumbukumbu. Mwajiri wake alitaka kujua kama arudi dirishani au akae ofisi ya nyuma. Yeye mwenyewe alitaka kujua kwa nini siku hizi watu wawili wakizungumza kwa pamoja anapoteza maneno ya wote wawili. Tukaletewa IQ, namba moja ya akili kwa ujumla.

Mimi si tabibu. Ni mwalimu wa hisabati sekondari, na maisha yangu ni mitihani: kuitunga, kuisahihisha, kubishana kuhusu alama. Kwa hiyo nimekaa na hivi vipimo kama nikaavyo na karatasi ya mtihani, nikiuliza kila kimoja kinapima nini hasa. Kama na wewe umeambiwa "nenda kapime akili" na hujui uombe kipimo gani, haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, ugonjwa wenyewe unafanya nini kichwani

Katika MS, yaani maltipo sklerosisi, kinga ya mwili hushambulia maielini, utando wa mafuta unaofunika nyuzi za neva katika ubongo, uti wa mgongo na neva za macho. Uzi uliochubuka utando wake bado hupitisha ujumbe, ila ujumbe unachelewa, na mara nyingine unapotelea njiani. Jean-Martin Charcot, aliyeueleza ugonjwa huu jijini Paris mwaka 1868, aliona pia kwamba wagonjwa wake walikuwa na kumbukumbu iliyolegea na mawazo yaliyojengeka polepole. Pamoja na hayo, kwa muda wa karibu karne nzima madaktari wengi waliendelea kuangalia miguu na macho tu. Mwaka 1991 Stephen Rao na wenzake kule Wisconsin, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwalinganisha watu 100 wenye MS na watu 100 wasio nayo. Kiwango cha matatizo ya kufikiri walichokipata kwa wagonjwa kilikuwa asilimia 43. Tena, matatizo hayo yalihusiana kidogo tu na ulemavu wa mwili. Anayetembea bila fimbo anaweza kuwa amepungukiwa zaidi kuliko aliye kwenye kiti cha magurudumu.

Kinachoguswa mara nyingi zaidi ni kasi: muda ambao ubongo unahitaji kupokea jambo, kulipanga na kulijibu. Nyuma yake inakuja kumbukumbu ya mambo mapya, halafu uwezo wa kupanga kazi na kuhama kutoka jambo moja kwenda jingine. Msamiati, maarifa ya jumla na lugha ya mazungumzo kwa kawaida hubaki imara. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kukaa barazani akaongea vizuri kuliko nyote, kisha ashindwe kufuata konda anayetaja vituo huku simu inaita na mtoto anauliza swali. Jirani akiona hivyo husema anajifanya.

Ukiyaelewa hayo, utaona kwa nini neno "akili" ni pana mno kwa kazi hii. Kipimo kinachochanganya msamiati na kasi katika namba moja kinaweza kuficha tatizo, au kulikuza kuliko lilivyo.

Vigezo vyangu

Kila kipimo nimekiuliza maswali sita yale yale. Kinajibu swali gani? Kinachukua muda gani, maana uchovu wa MS si wa kulala tu ukaamka mzima? Kinadai nini kwa mwili: mkono, jicho, ulimi? Kinategemea lugha na shule kiasi gani? Alama zako zinalinganishwa na za nani? Na je, kinaweza kurudiwa mwakani bila kuwa mtihani uliokwisha kuvuja?

Swali la tano lina uzito wa pekee kwetu. MS ni nadra zaidi Tanzania kuliko Ulaya, na viwango vya asili vya vipimo nitakavyovitaja vilitokana na watu wa Marekani, Uingereza na nchi za jirani zao. Mtu wa Temeke aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza na kazini anatumia vyote viwili, anawekwa kwenye jedwali la watu wasiofanana naye. Hilo halifanyi vipimo viwe bure, ila linabadilisha namna ya kuvisoma.

Kipimo cha Wechsler: IQ kamili

Hiki ndicho alichofanyiwa mdogo wangu. David Wechsler, mwanasaikolojia wa hospitali ya Bellevue, New York, alitoa kipimo chake cha kwanza mwaka 1939. Toleo la watu wazima lenye jina la WAIS lilitoka 1955, la nne 2008 na la tano 2024. Katika toleo la nne kuna majaribio makuu kumi yanayotoa alama nne: uelewa wa maneno, kufikiri kwa picha na maumbo, kumbukumbu ya kazi (kushikilia jambo kichwani huku ukilitumia), na kasi. Zote hizo hukusanywa kuwa IQ moja. Wastani umewekwa kuwa 100 na mtawanyiko 15, kwa hiyo 84 maana yake ni kwamba karibu watu 14 kati ya 100 wa jedwali lile wapo hapo au chini yake.

Nguvu yake ni upana. Hakuna kingine kati ya hivi vinne kinachokuonyesha milima na mabonde ya mtu mmoja kwa namna hii. Wiki mbili baadaye tulirudi kuomba ripoti nzima, na baada ya mabishano kidogo tukaipata: uelewa wa maneno 98, kasi 72. Hapo ndipo 84 ilipopata maana. Ilikuwa wastani wa mtu aliyebaki palepale kwa maneno na aliyeshuka sana kwa kasi. Kutoa karatasi yenye namba moja tu kwa mgonjwa wa MS ni sawa na mimi kumpelekea mzazi wastani wa mtoto bila kumwambia kwamba amepata 90 Kiswahili na 20 Hisabati. Toleo hilo la nne lina hata alama iitwayo GAI, inayokokotolewa kutokana na maneno na maumbo peke yake, bila kasi wala kumbukumbu ya kazi. Iulizie.

Muda ni saa moja hadi moja na nusu, na hiyo ni kwa mtu asiyechoka haraka. Mwili unadaiwa mengi: majaribio ya kasi yanafanywa kwa penseli, na kuna la kupanga vitofali kwa mikono huku saa inahesabu. Mkono unaotetemeka unakatwa alama ambazo ubongo haukustahili kukatwa. Mwanasaikolojia makini ataliandika hilo kwenye ripoti.

Kuhusu lugha, hapa ndipo pagumu zaidi. Maswali ya maarifa na msamiati yamebeba dunia ya walioyatunga. Hata kurudia tarakimu, jaribio linaloonekana halina utamaduni, si sawa kwa kila lugha. Utafiti wa Ellis na Hennelly wa 1980 ulionyesha kwamba wanaohesabu kwa Kiwelisi walikumbuka tarakimu chache kuliko wanaohesabu kwa Kiingereza, kwa sababu tarakimu za Kiwelisi huchukua muda mrefu zaidi kutamkwa. Sasa hesabu zetu: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa. Kila moja ina silabi mbili. Za Kiingereza, isipokuwa ile ya saba, zina silabi moja moja.

Kuna jambo jingine lililonifurahisha kama mpenda lugha. Ili kujua mtu ameshuka, lazima ukadirie alikuwa wapi kabla hajaugua. Uingereza walikuwa na njia ya mkato: kipimo cha Hazel Nelson cha 1982, ambapo mtu anasomeshwa maneno 50 ya Kiingereza yasiyotamkwa kama yalivyoandikwa. Anayeyajua aliyajua zamani, na ujuzi huo haupotei haraka. Jaribu kutengeneza kipimo hicho kwa Kiswahili uone. Lugha yetu inasomwa kama ilivyoandikwa; mtoto wa darasa la pili anasoma neno ambalo hajawahi kulisikia. Kwa hiyo kwetu kadirio litoke kwingine: cheti cha kidato cha nne, kazi uliyoifanya, daftari ulizokuwa ukifunga. Beba vitu hivyo siku ya kupimwa. Mdogo wangu hakubeba.

Kurudia kila mwaka haipendezi. Ni kirefu, na mtu hukumbuka njia za kukishinda. Kinamfaa mwenye suala zito la kuamuliwa mara moja, kama mgogoro wa kazi au fidia, na mwenye picha isiyoeleweka ambayo daktari anataka kuifungua kipande kwa kipande.

Matriki za Raven

John Raven wa Uingereza alizitoa mwaka 1938. Unapewa mchoro wenye pengo na vipande vya kuchagua, unaonyesha kinachofaa. Maumbo ni 60, katika seti tano za 12, kutoka rahisi hadi ya kumtoa mtu jasho. Kinachopimwa ni kufikiri: kuona kanuni ambayo hukufundishwa.

Kwa mgonjwa wa MS kina huruma. Kwa kawaida hakina saa ya kukimbizana nayo, hakihitaji kuandika, na mwenye ulimi mzito anaweza kunyoosha kidole tu. Huruma hiyo hiyo ndiyo upungufu wake: kwa kuwa hakipimi kasi, mtu ambaye ugonjwa umempunguza kasi peke yake anaweza kufanya vizuri kabisa, akaambiwa hana tatizo, na kesho kazini akashindwa kumfuata mteja. Ukikiweka pamoja na kipimo cha kasi, tofauti kati ya viwili hivyo inaeleza mengi.

Macho ndiyo yanayodaiwa. MS hupenda kuvimbisha neva ya jicho na kufifisha rangi, hasa nyekundu. Kuna toleo la rangi lenye maumbo 36, kwa watoto na wazee. Kwa mtu aliyewahi kuugua neva ya jicho, toleo la kawaida la nyeusi na nyeupe ni salama zaidi.

Utasikia kwamba Raven haina utamaduni kwa sababu haina maneno. Mimi sikubali. Kusoma mchoro kwa safu na mistari ni jambo la darasani. Robert Sternberg na wenzake walifanya kazi na watoto wa shule karibu na Bagamoyo, wakachapisha matokeo mwaka 2002. Hawakutumia Raven, walitumia majaribio mengine ya kufikiri, lakini walilolifanya ni la kuzingatia: waliwapima watoto, wakawafundisha kwa muda mfupi mbinu za kuyashughulikia maswali yale, wakawapima tena. Alama zilipanda, na matokeo ya mwanzo hayakuwa kioo kizuri cha ya mwisho. Mtoto aliyeonekana mzito alikuwa mgeni wa mtihani tu. Mtu mzima wa Mbagala aliyeacha shule miaka 25 iliyopita naye ni mgeni, kwa hiyo omba mifano ya mazoezi kabla alama hazijaanza kuandikwa.

Angalia pia umri wa jedwali. Katika nchi nyingi alama za vipimo vya aina hii zilipanda kizazi hadi kizazi, jambo ambalo James Flynn wa New Zealand alilikusanya kwa data za nchi 14 mwaka 1987. Ukipimwa leo kwa jedwali la zamani, unapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa: unaonekana bora kuliko ulivyo.

Kinamfaa asiye na raha na Kiingereza, mwenye mikono dhaifu, na anayetaka kujua kama uwezo wa kufikiri bado upo akipewa muda.

SDMT: dakika moja na nusu

Aaron Smith alikitoa mwaka 1973, na ukikiona utadhani ni mchezo wa watoto. Juu ya karatasi kuna ufunguo: vichoro tisa, kila kimoja na tarakimu yake kuanzia 1 hadi 9. Chini kuna vichoro 110 bila tarakimu. Unapewa sekunde 90 ujaze nyingi uwezavyo. Alama yako ni idadi ya majibu sahihi.

Kinapima kasi, pamoja na jicho kupiga hatua kati ya ufunguo na mstari. Kwa MS hicho ndicho kidonda chenyewe, ndiyo maana kipimo hiki kidogo kimekuwa maarufu kuliko ndugu zake wakubwa. Mapendekezo ya wataalamu wa Marekani yaliyochapishwa 2018 yanataka mgonjwa apimwe kwa SDMT au kinachofanana nacho mapema baada ya kugundulika, kisha kila mwaka. Tofauti ya alama 4 kati ya vipimo viwili huchukuliwa na wengi kuwa ni mabadiliko yenye maana kwa mgonjwa.

Maelezo na mazoezi yakijumlishwa, dakika tano zimetosha. Mkono unaweza kuachwa kabisa, kwa sababu kuna njia ya kujibu kwa mdomo na mpimaji akaandika. Jicho halina pa kukwepea: mwenye kuona vitu viwili viwili au macho yanayochezacheza atapata alama ya macho yake. Na ulimi ukiwa mzito, njia ya mdomo nayo inaonea.

Lugha inahitajika kidogo, ila rudi kwenye zile silabi mbili za tarakimu zetu. Ukijibu kwa Kiswahili na kulinganishwa na Mmarekani aliyejibu kwa Kiingereza, ulimi wako umefanya kazi zaidi katika sekunde zile zile. Ushauri wangu: jibu kwa lugha unayohesabia pesa, mpimaji aiandike kwenye fomu, na mwakani utumie hiyo hiyo. Ukifanya hivyo, swali la jedwali la ugenini linapungua makali, kwa sababu unajilinganisha na wewe wa mwaka jana. Kuna fomu mbadala zenye ufunguo tofauti ili usiwe umekariri.

Upungufu wake uko wazi: kinakuambia gari limepunguza mwendo, hakikuambii kama ni injini, tairi au dereva amelala vibaya. Huzuni, dawa na usingizi vyote hushusha namba hii. Kinamfaa karibu kila mgonjwa kama mlinzi wa getini. Hakimfai anayehitaji kujua kuhusu kumbukumbu, wala hakitoshi peke yake kwa anayetaka karatasi ya kuitetea kazi yake.

BICAMS: robo saa

Mwaka 2012 kundi la wataalamu wa nchi mbalimbali, Dawn Langdon wa London akiwa miongoni mwao, walichapisha kifurushi kidogo kwa ajili ya kliniki ambazo hazina mwanasaikolojia wa ubongo. Ndani yake mna SDMT, orodha ya maneno 16 unayosomewa mara tano na kuirudia kila mara, na michoro sita unayoonyeshwa kwa sekunde kumi, mara tatu, ukiichora kutoka kichwani. Kwa hiyo kinajibu maswali matatu: kasi, kujifunza kwa sikio, kujifunza kwa jicho.

Kinachukua kama dakika 15, na hakihitaji vifaa zaidi ya karatasi, penseli na saa. Mkono unahitajika kwa michoro, ingawa kinachosahihishwa ni umbo na mahali pake, si uzuri wa mstari. Sikio na ulimi vinahitajika kwa maneno.

Tatizo ni maneno yenyewe. Orodha ya namna hii haitafsiriwi neno kwa neno. Neno fupi la kila siku kwa Mmarekani linaweza kuwa kwetu maneno mawili, au mboga ambayo mama wa Manzese hajawahi kuitia sufuriani. Hapo unakuwa umepima ugeni wa neno. Walioasisi kifurushi hiki waliliona, wakaweka utaratibu wa kila nchi kutengeneza toleo lake na kulijaribu kwa watu wazima wa afya wasiopungua 65. Muulize anayekupima orodha anayotumia imetoka wapi. Akisema ameitafsiri mwenyewe jana usiku, chukua alama za SDMT na michoro, zile za maneno zitumie kwa tahadhari.

Kurudia kunawezekana kwa fomu mbadala. Kinamfaa anayelalamika kusahau, na kliniki yenye foleni ndefu. Hakigusi sana kupanga na kuamua, kwa hiyo meneja ambaye shida yake ni kuchanganyikiwa kwenye maamuzi anaweza kupita salama na bado akawa na haki ya kulalamika.

Vingine utakavyotajiwa

MoCA, ya Ziad Nasreddine wa Montreal, ya 2005, ina alama 30 na hutumika sana hospitalini kwa sababu ni ya dakika kumi. Ilitengenezwa kwa upungufu mdogo wa uzeeni. MMSE ya 1975 ni ya shida ya akili ya wazee, na kwa MS mara nyingi inampitisha mtu ambaye hakustahili kupita. Wilayani Hai, Kilimanjaro, kilitengenezwa kipimo kiitwacho IDEA, chenye kazi kama kupanga njiti za kiberiti, kwa ajili ya wazee ambao hawakusoma; nakisifu sana, lakini kwa bibi, si kwa mhasibu wa miaka 32. PASAT, ya kujumlisha tarakimu zinazosikika kila baada ya sekunde tatu, ningeipenda mimi. Mdogo wangu aliikataa katikati, na wagonjwa wengi huichukia hivyo hivyo. Michezo ya "pima IQ yako" ya kwenye simu ichezeni mkiwa kwenye foleni ya kivuko cha Kigamboni.

Siku ya kupimwa

Mdogo wangu alipimwa saa nane mchana, mwezi Februari, baada ya kusimama kwenye mwendokasi tangu Kimara. Nikikumbuka najilaumu. Wilhelm Uhthoff aliandika mwaka 1890 kwamba macho ya wagonjwa hawa hufifia baada ya kuuchosha mwili; waliomfuata wakaonyesha kwamba kinachozidisha dalili ni joto la mwili, na Februari ya Dar haihitaji maelezo. Omba saa mbili au saa tatu asubuhi, chumba chenye kiyoyozi au feni, na fika mapema upoe.

Usipimwe ukiwa katikati ya mlipuko wa dalili, una homa au maambukizi ya mkojo, au ndiyo kwanza umemaliza dripu za steroidi. Taja dawa zote: baklofeni ya kulegeza misuli husinzisha, na oksibutinini ya kibofu inaweza kugusa kumbukumbu. Omba pia uulizwe kuhusu huzuni. Lile dodoso la maswali tisa, PHQ-9, lipo kwa Kiswahili na halichukui dakika tano. Miwani usiisahau nyumbani.

Uchague kipi, kwa hali yako

Umegundulika juzi na hujioni na shida yoyote ya kichwa. Omba SDMT sasa hivi, wakati bado uko vizuri. Hiyo ndiyo rula yako ya miaka ijayo. Kama wana dakika kumi za ziada, waongeze vilivyobaki vya BICAMS.

Unasahau, unarudia maswali, watu wa nyumbani wameanza kutazamana. BICAMS ndiyo ya kuanzia, na nenda na mtu unayeishi naye ahojiwe pembeni.

Uko chuo na unataka kuomba muda wa ziada kwenye mtihani. Hapa Raven na SDMT kwa pamoja vina nguvu kuliko IQ: kimoja kinaonyesha unafikiri vizuri ukipewa muda, kingine kinaonyesha muda ndio tatizo.

Mwajiri anataka barua, au kuna suala la fidia. Wechsler kwa ukamilifu wake, pamoja na historia yako ya shule na kazi. Usikubali ripoti yenye namba moja, na usimpe mwajiri zaidi ya anachohitaji kujua. Barua inayosema "anahitaji kazi moja kwa wakati mmoja na sehemu tulivu" ina faida kwake kuliko IQ.

Mkono hausikii: SDMT ya mdomo, na Raven. Jicho halioni vizuri: orodha ya maneno, kurudia tarakimu, vya kusikiliza kwa ujumla.

Uliishia darasa la saba, au hukwenda shule. Kila kitu kwa Kiswahili, mazoezi kabla ya alama, na usikubali kulinganishwa na jedwali la mbali kana kwamba ni la kwenu. Alama ya leo na ya mwakani, pamoja na maelezo ya nyumbani kama bado unapika, unahesabu chenji na kupanda daladala sahihi, vina uzito zaidi.

Una huzuni nzito au hulali. Subiri, tibiwa hiyo kwanza, halafu pima.

Kabla hujatoka chumbani, omba uandikiwe: jina la kipimo na toleo lake, fomu iliyotumika, lugha uliyojibia, saa uliyoanza, na alama ghafi, zile za kabla ya kugeuzwa kwa jedwali. Mdogo wangu sasa anaziweka kwenye faili la kijani pamoja na picha zake za MRI. Mwaka jana SDMT yake ilikuwa 43, mwaka huu 41, zote kwa Kiswahili, zote saa mbili asubuhi. Daktari mpya, ambaye hakuwepo mwaka jana, aliziona zote mbili kwenye ukurasa mmoja na hakuhitaji kumuuliza mtu.